Kasha la Bartolomayo na Makubadhi ya Kushoto

Benchi letu ni taruma la chuma lililosazwa Wadachi walipomaliza kulaza reli hapa Dodoma. Limekaa juu ya mawe mawili, nyuma yake ukuta wa duka la Mhindi, hatua mia kutoka stesheni. Asubuhi lina baridi ya kukufanya uinue kanzu na kusimama kwanza. Ikikaribia saa sita jua linavuka paa la duka, chuma kinashika moto, na hapo hata mbishi wa mwisho anainuka bila kuambiwa. Kwa hiyo ubishi wetu una saa yake ya kuisha, haujali nani ameshinda. Mimi ni Msafiri, fundi makubadhi. Wenzangu wananiita Pilipili na sioni haja ya kueleza kwa nini. Kusoma nilijifunza mwenyewe, kwenye mapipa ya saruji na masanduku ya misumari ya reli. Neno la kwanza nililolisoma vizuri lilikuwa la Kidachi, na mpaka leo sijui maana yake. Mambo ninayasema yalivyo. Na ya Jumamosi ile, mwaka wa tatu tangu gari la moshi lifike, yalikuwa hivi.

Chini ya benchi kulikuwa na kasha la Bartolomayo. Bartolomayo alikuwa karani wa simu, mtu wa Bonde, kijana mwembamba aliyependa kahawa na kutusomea. Alipohamishiwa Tabora aliniita, akasema, "Msafiri, vitabu ni kumi na kimoja. Wape watu wasome. Nikivihitaji nitasema." Akapanda gari, akaenda. Hakunipa karatasi ya kutia sahihi, wala sikumwomba. Nami nikajiwekea utaratibu wangu: anayechukua kitabu ananiachia kubadhi lake la kushoto, ninalitundika ukutani. Ndiyo maana siku zile, ukimwona mtu Dodoma mguu mmoja una kiatu na mwingine peku, hukuuliza kama amerogwa. Ulijua anasoma.

— Hesabu tena, Pilipili.

— Nimehesabu mara tatu. Ni kumi.

— Hesabu polepole.

— Nikihesabu polepole ndiyo vitazaana?

Aliyekuwa akinihesabisha ni Shaaban, mfanyabiashara wa asali na nta kutoka Kolo, kule Kondoa. Tunamwita Asali kwa ajili ya biashara yake, si kwa ajili ya ulimi wake. Anasoma herufi za Kiarabu, na ndiye aliyelipa kasha letu jina la maktaba, akatueleza kwamba kwenye miji mikubwa maktaba ina paa. Tukaona jina ni zuri, paa litakuja.

— Kimoja kiko kwa Matonya wa Nzuguni, akasema Silvano. Kila mtu anajua kiko kwa Matonya. Huu mwezi wa saba.

Silvano ni mtu wa reli. Kazi yake ni kugeuza njia za gari la moshi na kusimama na taa nyekundu, kwa hiyo jina lake ni Taa. Ni Mgogo, lakini alilelewa misheni tangu hajaota meno, na ng'ombe anamfahamu akiwa kwenye sahani. Ndiye aliyetuletea habari Alhamisi: simu imegongwa kutoka Tabora, Bartolomayo anasema mtu wake atashuka hapa Jumamosi, apewe kasha na vyote vilivyomo.

— Na kubadhi la Matonya liko wapi? akauliza Shaaban, akiyatazama makubadhi ya ukutani moja moja kana kwamba hajui.

Hapo ndipo walipokuwa wakinisukumia tangu alfajiri.

— Hakuacha, nikasema.

— Sikusikia vizuri.

— Hakuacha kubadhi! Umesikia sasa, au nipande juu ya paa la Mhindi?

— Mimi niliacha, akasema Shaaban. Nilikwenda Kondoa na kurudi, mguu mmoja peku. Miiba yote ya njia ile inanijua kwa jina la baba yangu.

— Ungepanda punda.

— Punda alibeba asali! Asali haina miguu, Pilipili. Mimi ninayo, na mmoja ulikuwa umetundikwa hapa.

Mzee Athuman alikuwa akisuuza vikombe. Yeye ndiye mwenye dele la kahawa. Zamani alipita hapa na msafara wa pembe, amebeba mzigo, goti likamkatalia papa hapa na msafara ukaenda. Hajui kusoma hata herufi moja, lakini kila kitabu cha kasha lile kimesomwa karibu na moto wake, na anayajua yote kuliko sisi.

— Kwa nini hukumvua kiatu, mwanangu? akaniuliza taratibu.

— Nilimwambia avue, Mzee. Akaniangalia. Akasema, "Msafiri, unaniamini au huniamini?" Nikasema nakuamini. Akasema, "Sasa kiatu cha nini?" Ningemjibu nini? Mimi nikisema namwamini mtu nimesema. Sina kuamini kwa mguu mmoja.

— Leo utaamini kwa miguu yote miwili, akasema Silvano, mtu wa Bartolomayo akifungua kasha akakuta kumi. Atakwenda bomani.

— Aende!

— Viboko hamsa ishirini, Pilipili. Wewe na hasira zako utamrudishia askari matusi, watakuongeza.

— Viboko vitapona! Bartolomayo aliniachia kasha kwa neno tu. Yeye hakunidai kubadhi. Leo nimwambie nini? Nimwambie vilikuwa kumi na kimoja, nimevichunga vikawa kumi?

Hata Shaaban aliacha kunichokonoa kidogo. Mzee Athuman akamimina.

— Na kikipatikana hicho cha kumi na moja, akasema, kasha si linaondoka vilevile?

Linaondoka. Hilo hatukuwa tumelisema tangu Alhamisi. Vikitimia, kasha linaondoka kwa heshima. Visipotimia, linaondoka kwa aibu. Kuondoka, linaondoka.

— Mimi naona Matonya amekivutia tumbaku, akasema Silvano, maana yeye hawezi kukaa na huzuni ikapoa mkononi. Karatasi ya kitabu ni nyembamba, nzuri, haikwaruzi koo.

— Kurasa mia na arobaini? akasema Shaaban. Ni mtu huyo au dohani?

— Mbona basi anatafuta karatasi nyingine? Kila akileta mbuzi stesheni ananiomba zile karatasi za mizigo zilizotupwa. Upande mmoja zina Kidachi, upande wa pili hazina kitu. Nimempa hata sijui ngapi.

— Unampa Matonya karatasi za reli?

— Zimetupwa! Zinapeperuka mpaka Nkuhungu! Nikamuuliza za nini, akacheka tu.

— Ngoja, akasema Shaaban, akaweka kikombe chini. Mimi nimemkuta njia ya Nzuguni anabandua gundi kwenye migunga. Kibuyu kizima.

— Na kule machinjioni, akasema Mzee Athuman, nilimwona anaokota manyoya ya tumbusi. Marefu tu. Mafupi anayaacha.

Silvano akahesabu kwa vidole.

— Karatasi. Gundi. Manyoya ya tumbusi.

— Mbuzi! akasema Shaaban. Mbuzi amekula kitabu! Naye anajua Pilipili atamrukia, sasa anatengeneza kingine kwa karatasi na gundi, atuletee, tutie ndani ya kasha bila kufungua.

— Na manyoya?

— Manyoya ni... Ngoja nifikiri.

— Fikiri ukiwa kimya, nikasema. Matonya si mtu wa kudanganya.

— Hakuna mtu wa kudanganya, Pilipili, mpaka mbuzi wake ale kitabu.

Wakati huo mwanamke mmoja alikuwa ametokea upande wa stesheni, furushi kichwani, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. Akatua furushi karibu na mwisho wa benchi.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, binti. Karibu, pumzika. Kahawa ipo.

Akashukuru, akakaa juu ya furushi lake, akapokea kikombe. Tulidhani anamngoja mumewe. Sisi macho yetu yalikuwa kwa wanaume waliokuwa wakishuka, tukimtafuta mwenye sura ya kutumwa.

— Nami niseme langu, akasema Mzee Athuman. Nimekaa na watu wa pwani. Huko mwalimu huandika maneno kwenye sahani, akayaosha, mgonjwa akanywa yale maji. Huenda Matonya anaosha kurasa anawanywesha ng'ombe.

— Kitabu kile? akasema Shaaban. Mzee, kile ni kitabu cha yule msafiri aliyekwenda nchi ya barafu! Kurasa mia na arobaini za baridi tupu! Ng'ombe akinywa hiyo si atakohoa mpaka pembe zidondoke?

Mwanamke aliinamia kikombe chake. Nadhani alikuwa anacheka.

— Bado manyoya hamjayaeleza, akasema Silvano. Mimi nimeshayaelewa.

Tulimtazama. Alikuwa ameinuka, na Taa akiinuka kuzungumza ujue gari limekwishaacha reli.

— Bwana stesheni alituonyesha picha kwenye gazeti lake. Wadachi kwao wana chombo kinaruka angani. Ndani kina mbavu kama za ng'ombe, juu kimevikwa ngozi, watu wamekaa tumboni. Sasa tazameni. Ngozi Matonya anazo. Mbavu anazo. Gundi anayo, karatasi nimempa mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, na manyoya ni ya tumbusi, ndege asiyechoka.

— Na kitabu?

— Kitabu ni cha njia! Yule mtu ameandika kila alipopita mpaka kufika kwenye barafu. Matonya anataka kwenda.

— Kufanya nini huko, wewe?

— Kuleta maji.

Nilikuwa nimefungua mdomo nimpasue, nikaufunga. Mvua mwaka ule ilikuwa imetupita pembeni, na visima vya Nzuguni watu walikuwa wakiteremka kwa ngazi. Upepo ukapiga, vumbi likaingia kwenye kahawa.

— Akirudi, akasema Shaaban, na mimi aniletee kipande.

— Mbukwenyi!

Hiyo ndiyo salamu ya Wagogo wakikuta watu wengi, na aliyeitoa alikuwa Matonya mwenyewe. Mrefu, shuka begani, mkoba wa ngozi ya mbuzi ubavuni, na miguuni makubadhi yote mawili. Hayo makubadhi ndiyo yaliyoniwasha.

— Miezi saba! nikasema. Miezi saba, Matonya! Kitabu cha watu! Leo mwenyewe anakichukua, nimekaa hapa natafunwa kama muwa, na wewe unakuja unatembea kama unakwenda ngomani!

— Umeamkaje, Fundi?

— Sijaamka! Sikulala!

— Watoto hawajambo?

— Sina watoto! Unajua sina watoto! Kitabu kiko wapi?

Matonya akakaa. Mzee Athuman akampa kikombe. Akanywa chote, akakirudisha kwa mikono miwili, ndipo akafungua mkoba. Akatoa kitabu kimefungwa kwenye ngozi laini, akakiweka magotini pangu. Kilikuwa kile kile, kizima, hata jani moja halikukunjwa. Moyo wangu ulitua kwa kishindo nadhani walisikia stesheni. Kisha akaingiza mkono tena, akatoa kitu cha pili, akakiweka juu ya cha kwanza.

Kilikuwa kinene kidogo kuliko kitabu. Jalada lake ni ngozi yenye manyoya bado, nyekundu na mabaka meupe, limeshonwa kwa mshipa.

— Na hiki ni nini?

— Ndama, akasema Matonya.

Nilimtazama. Shaaban alimtazama. Silvano akakaa chini bila kuangalia anakalia nini.

— Fundi, akasema Matonya, mtu mwenye ng'ombe wengi haweki wote kwenye zizi lake. Ugonjwa ukiingia, wataisha. Anamwekea rafiki yake mmoja, mwingine mmoja. Hasemi chukua, hasemi lipa. Anasema, nichungie. Maziwa unakunywa wewe na watoto. Siku akimtaka, unampa ng'ombe wake na ndama aliyezaliwa. Sasa umkabidhi ng'ombe mtupu? Atakuuliza, ulikuwa unamlaza njaa? Wewe kitabu ulinipa bila kiatu. Nikasema, huyu mtu ananiwekea kwa desturi yetu. Nami nitamrudishia kwa desturi.

— Lakini kitabu, akasema Shaaban, kitabu kinazaaje?

— Kwa shida, akasema Matonya. Ng'ombe ni miezi tisa. Hiki ni saba, na binti yangu Raheli amevimba kidole.

— Raheli? akaruka Silvano. Raheli wa Nzuguni ni binti yako? Yule wa misheni aliyekuwa akinishinda mwandiko?

— Wote walikuwa wakikushinda, amesema.

— Taa! nikamgeukia. Wewe si Mgogo? Miezi saba unatuletea tumbaku na vyombo vya kuruka, na hili la kuwekeana ng'ombe hukulijua?

— Ningelijulia wapi? Nimelelewa na sufuria ya misheni!

Nikafungua viwili vyote, nikaviweka sambamba. Huku chapa ya kiwandani, huku herufi nyeusi za mkono, zimesimama wima kama askari gwaride. Wino wameufanya kwa masizi ya chungu na gundi ya mgunga, kalamu ni manyoya ya tumbusi yaliyochongwa. Kila ukigeuza jani, nyuma yake unakuta orodha ya Kidachi ya mizigo, na Silvano akasoma tarakimu akasema hayo ni magunia ya chumvi, aliyapokea mwenyewe. Yule msafiri wa kitabuni anakanyaga barafu. Geuza, magunia arobaini ya chumvi. Geuza, yuko kwenye barafu tena.

Shaaban alikuwa ameinama mpaka kilemba kinanigusa shavu.

— Ukurasa wa tisa, akasema. Lile duara la kahawa alilotia Mzee Athuman. Tazama!

Kwenye kitabu cha mama duara lilikuwa la kikombe. Kwenye ndama nalo lilikuwapo, limechorwa kwa mkono, kwa uangalifu kuliko hata herufi, pamoja na tone lililoteleza pembeni.

— Kwa nini kachora uchafu? nikauliza.

— Ndama huchukua mabaka ya mama yake, akasema Matonya. Akizaliwa bila mabaka watu wataanza kusema.

Tulicheka mpaka Mhindi akatoa kichwa dirishani. Matonya naye akatueleza maziwa waliyokunywa. Kila jioni Raheli akirudi kisimani alisoma kabla ya kuandika. Mama yake Matonya, ambaye haamki kitandani, ndiye aliyetaka mno habari za maji yanayosimama kama jiwe, unaweza kuyabeba kwenye kikapu. Majirani wakaongezeka. Merikebu ya yule msafiri ilipobanwa na barafu, wazee wawili waliondoka na hasira, wakarudi kesho yake asubuhi kuuliza ni siku ngapi kutoka Nzuguni, kama vijana wangewahi kwenda kumkwamua.

— Pale pa chai, nikasema, mlisoma pa chai?

Nikapatafuta kwenye ndama. Nikasoma kwa sauti: "Asubuhi akataka chai, chai ikakataa kutoka kikombeni. Akaigonga kwa nyundo, akaitafuna." Na pembeni, kwa herufi ndogo za kulala, si za chapa wala si za Raheli, ila Raheli ameziiga mpaka ulalo wake: "Hapa Anyesi angecheka."

— Hata hayo ameyaandika! akasema Shaaban. Maneno ya Bartolomayo!

— Na mpaka leo hatujui Anyesi ni nani, akasema Silvano. Mimi nasema mchumba wake.

— Mke wa mtu, akasema Shaaban. Mchumba ungemtaja mwaka mzima. Hukumtaja, ni mke wa mtu.

— Soma tena hapo, akasema yule mwanamke. Pa chai.

Nikasoma tena. Alianza kucheka kabla sijafika kwenye nyundo. Alicheka hivyo, bega linatikisika, kikombe kinamwagika, kisha kicheko kikabadilika kidogo kidogo, akajifuta uso kwa upindo wa kanga.

— Kweli ningecheka, akasema. Mimi ndiye Anyesi. Ni dada yake.

Shaaban alitafuta pa kutazama, akachagua anga.

— Nisamehe, mama, lile la mke wa mtu...

— Mimi ni mke wa mtu, akasema Anyesi. Hukukosea. Mume wangu yuko Bonde. Ndugu yangu amebanwa kifua huko Tabora, hafanyi kazi tena, anashinda ndani. Nakwenda kumuuguza. Alichoomba nimpelekee ni vitabu vyake.

Hapo hakukuwa na la kubishia. Nililivuta kasha kutoka chini ya benchi, nikatia kile cha mama juu ya wenzake, nikamsukumia.

— Kumi na kimoja, nikasema. Hesabu mwenyewe.

Akahesabu, akatikisa kichwa kukubali. Nilikuwa nimeingoja saa ile siku tatu, na ilipofika niliona tu nafasi tupu pale lilipokuwa kasha, na siafu wawili hawajui waende wapi. Matonya akachukua ndama akamkabidhi Anyesi kwa mikono miwili. Anyesi hakumpokea.

— Kwenu, akauliza, mwenye ng'ombe akihama kabisa inakuwaje?

— Mama anakwenda naye. Aliyechunga vizuri anaachiwa ndama, watoto wasikose maziwa.

— Basi huyu ni wako, baba. Mpe mkono Raheli. Nitamweleza Bartolomayo habari za duara.

Matonya akakaa na kitabu mapajani, akakipapasa manyoya. Kisha akanigeukia.

— Fundi, nyumbani tumeshakishika chote. Mama yangu hata Raheli akiruka neno anamrudisha. Nakuwekea wewe. Nichungie.

Mkono wangu ulikuwa umeshakwenda kwenye kubadhi langu la kushoto, nimelegeza kamba. Sijui nani aliuamuru.

— Baki na kiatu chako, akasema Matonya.

Anyesi alikuwa akitazama ukutani, ile misumari na makubadhi mawili matatu yaliyosahaulika.

— Na hivi kumi vingine, akauliza, vilisomwa?

— Vyote! akasema Shaaban, uso umemrudi. Mimi peke yangu kwa kusomewa ni vitano. Silvano vitatu. Huyu Pilipili kasoma kasha zima mara mbili. Mzee Athuman hapa muulize ukurasa wowote.

— Vilizaa nini?

Aliuliza hivyo tu, kama mtu anayeuliza njia. Silvano akatazama mikono yake. Mimi nikavihesabu tena vile kumi: ndama hakuna. Jua likavuka paa la duka likatua kwenye benchi. Chuma kikaanza kuchoma, na hakuna aliyeinuka.

Anyesi akajitwika furushi.

— Nitalala misheni, akasema. Kasha likae hapa kwanza, ni zito.

Akaenda. Tukamtazama mpaka akakata kona.

— Gari la Tabora, akasema Silvano taratibu, ni Jumanne.

Hakuna aliyemuuliza. Mzee Athuman akalitikisa dele lake. Lilikuwa limebaki zaidi ya nusu. Shaaban akanyoosha kikombe, akakirudisha.

— Matonya, ile gundi imebaki?

— Kibuyu nusu.

— Mzee, usimmiminie mtu. Irudishe motoni ichemke mpaka iwe wino mzito kama asali yangu. Mimi nitaandika kwa herufi zangu za Kiarabu, asiyependa asisome. Kule Kolo kuna watu walichora kwenye miamba, na hakuna aliyewauliza kwa herufi gani.

Silvano alikuwa ameshakwenda, anakimbia kuelekea stesheni kuokota karatasi kabla upepo haujazipeleka Nkuhungu. Matonya akatoa kisu cha kuchongea kalamu, akaelekea machinjioni kuokota manyoya. Nami nikalifungua kasha, nikagawa. Sikumvua mtu kiatu.

Mpaka Jumanne tulipata ndama watatu. Wa Shaaban ni mzuri kuliko mama yake, hilo nalisema ingawa linaniuma. Wangu ana hasira, kalamu imetoboa karatasi mahali pengi. Wa Silvano aliishia katikati ya sentensi na yuko hivyo mpaka leo. Anasema wengine huzaliwa kabla ya siku zao. Lakini hayo ni ya baadaye. Jumamosi ile kahawa iliisha mapema kuliko siku zote, na hakuna hata mmoja wetu aliyekunywa.